Landrova Iliyotiwa Kalafati

Kwetu mtu akikubaliwa na pande mbili awe msema bei, hali wala hanywi kwa muuzaji wala kwa mnunuzi mpaka bei imtoke kinywani. Na ikimtoka hairudi. Akiongeza neno la pili, hata likiwa la haki, ameharibu. Hataitwa tena, hata kwenye bei ya mbuzi.

Mimi niliitwa kwenye bei ya gari bovu, na ninaandika ilivyokuwa kwa sababu hadi leo sina hakika kama nilitenda haki, au nilijitua mzigo wangu nikamtwisha mtu asiyekuwa na nguvu za kuubeba. Shule niliishia darasa la tano. Nina daftari la kazi, la vipimo na vifaa, na katikati ya vipimo huwa najikuta nimeandika mengine. Haya ni katika hayo mengine.

Gari lilikuwa Kionga, ndani ya shamba la minazi, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja. Ni landrova ya zamani, ile fupi, taa zake zimekaribiana puani kama macho ya mtu anayesoma barua. Marehemu mumewe alikuwa nahodha, akaacha bahari akaingia biashara ya ng'onda, akaivusha hiyo landrova kutoka upande wa Mtwara enzi ambazo mimi nilikuwa sijaoa. Miaka na miaka ilibeba samaki wakavu na papa wa chumvi, wale wanaoshushwa na watu wa kisiwa cha Makaloe, ikawapandisha kaskazini mpaka mtoni, mpakani. Hata leo ukisimama nyuma yake, pua inakuambia ilikuwa inafanya kazi gani.

Ulipofika wakati wa kukimbia vita, mzee aling'oa magurudumu akayafukia, akaipandisha landrova juu ya magogo ya mnazi, akaifunika makuti na nyavu chakavu. Wakavuka mto. Yeye hakurudi, alizikwa huko huko ng'ambo. Mkewe alirudi peke yake akakuta nyumba ina kuta tu, mabati yote yameng'olewa, na misumari yake. Landrova ilikuwa palepale. Aliyechukua mabati hakuwa na haja ya gari lisilo na miguu.

Basi mama yule alikuwa analala chini ya turubai, na masika yalikuwa yanakaribia. Hilo ndilo lililokuwa jambo zima. Fundi wa paa alikuwa ameshampa hesabu: mabati arobaini na nane, nyumba na jiko lake, pamoja na mbao. Kitu cha kuuza alichobaki nacho kilikuwa kimoja.

Mnunuzi alikuwa mtu wa kusini, kusini kweli, kule mji mkuu. Kazi yake kusimamia majenereta kambini Afungi, kwenye mradi wa gesi. Alisimama Kionga kununua madafu, akaiona pua ya landrova inachungulia kwenye makuti, na tangu siku hiyo, aliniambia mwenyewe, usingizi wake ulipungua. Baba yake alikuwa nayo kama ile. Hakuitaka ya kuendesha kesho. Aliitaka aifungue yote mpaka skrubu ya mwisho, kisha aijenge upya iwe kama ilivyotoka kiwandani. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na lori moja lililokuwa linarudi kusini tupu lingempakilia siku ya Jumatatu. Baada ya hapo hana lori.

Walipatana bei mara mbili wakashindwana. Mara ya kwanza yeye alisema metikali themanini elfu, mama akasema mia na hamsini. Mara ya pili yeye akapanda, themanini na tano, na mama naye akapanda, mia na hamsini na tano, kwa kuwa alikuwa ameshakasirika. Hapo ndipo wakakubaliana atafutwe msema bei. Mama alinitaja mimi kwa sababu nilimfanyia kazi mumewe. Mnunuzi alinikubali kwa sababu Palma, kati ya mafundi wa bodi, wale tunaoitwa bate-chapa, ni mimi peke yangu niliyebaki ninayezifahamu landrova za zamani.

Aliniuliza kwa kile Kiswahili chake cha kambini, akiniita fundi kwa Kireno, "Mestre, gari hii wewe iko unajua?"

"Naijua," nikasema.

Ni kweli. Lakini haikuwa kweli yote, na nililitambua hilo neno likiwa bado ulimini. Nilipaswa kukataa palepale. Sikukataa. Kuitwa msema bei ni heshima, na mimi heshima hainijii kila siku.

Jumamosi baada ya adhuhuri tulikutana pale shambani, sisi watatu. Tulikubaliana nikague siku hiyo, nitamke kesho yake asubuhi.

Gari la namna hii halina bei ya gari, wala halina bei ya chuma chakavu. Liko katikati, na hapo katikati ni papana sana. Chini kabisa nilipajua: wanunua vyuma wanapima kwa kilo, hawaulizi jina. Juu kabisa sikupajua. Mnunuzi alinionyesha kwenye simu landrova zilizokwisha kujengwa upya, zinang'aa kama sufuria za harusi, na bei zake za fedha za kigeni. Nadhani alitaka nione anachokiota. Bahati mbaya mama naye alichungulia.

"Hiyo si kama yangu?"

"Ni ndugu yake, mama. Lakini huyo ameshaoga, ameshavaa, ameshapakwa hina. Wako hajatoka hata kitandani."

"Si atanyanyuka?"

"Atanyanyuka kwa fedha za mwenziwe."

"Haya," akasema. "Wewe sema mabovu yake, mwanangu. Mazuri yake nitayasema mimi."

Nilichora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza, kilichopo. Ya pili, kisichopo lakini kinapatikana. Ya tatu, kisichopo na hakipatikani tena. Mtu anayejenga gari la kale anaumia kwenye safu ya tatu, kwa hiyo hiyo ndiyo niliyoianza. Ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Milango yote ipo, na magurudumu yamefukuliwa mchangani. Boneti ipo na bawaba zake. Bodi ya landrova ni ya aluminiamu, haili kutu, ndiyo maana kwa nje ilionekana nzima, imepauka tu. Kioo kimoja cha mbele kimepasuka. Viti vimeliwa na panya. Injini imekwama, haizunguki, lakini ni ile ile iliyozaliwa nayo: namba zake zilifanana na za kwenye livrete, kile kijitabu cha gari, ambacho mama alikivusha mto mara mbili kikiwa kifuani kwake ndani ya mfuko wa plastiki. Mnunuzi alizisoma zile namba kwa kidole, moja moja, midomo inacheza. Nikaandika.

Kila nilipoandika zuri nilijiuliza: unapandisha kwa sababu mumewe alikupa kazi? Nilipoandika baya: unashusha ili yule mgeni asikuone una upande? Nilifuta na kuandika tena mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha nikatandika gunia, nikaingia chini.

Lazima niseme kilichokuwa chini. Chasi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari zima, kwenye landrova ni kama boriti mbili ndefu zilizo wazi ndani. Papa wa chumvi anapobebwa, maji yake yanadondoka, yanapenya, yanatuama ndani ya boriti, na chuma kinaliwa kutoka tumboni. Mwaka mmoja, mzee aliona tundu upande wa kushoto, nyuma ya giaboksi. Vidole vyangu vitatu viliingia. Nilikuwa fundi kamili wakati huo, nina mke na mtoto wa kwanza, na nilijua dawa yake: kukata kilichooza, kuweka chuma kipya, kuchomelea. Lakini gesi ya kuchomelea ilikuwa imekwisha mji mzima, na shehena ya papa ilikuwa inangoja ufukweni.

Mzee akacheka. "Fundi, mimi nimeziba vyombo maisha yangu yote, na sijazama."

Akaleta pamba iliyosokotwa, imelowekwa kwenye sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka majahazi. Akaleta na patasi yake ya kalafati na nyundo ya mti. Nikajilaza chini ya gari, nikaishindilia ile pamba ndani ya tundu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ikagoma kuingia, halafu nikapaka lami juu. Ikapendeza. Ukiigonga kidogo haisemi kitu. Mzee alinipa ujira wa fundi, akasimulia ufukweni kote kwamba gari lake limetiwa kalafati, na watu wakaja kuchungulia, wakasifu. Nikajiambia nitachomelea akirudi. Akarudi, akaondoka tena, hakuuliza. Mimi sikumkumbusha.

Pamba kwenye ubao inavimba, inaziba, inaokoa watu. Pamba kwenye chuma inashika maji ya chumvi na haiyaachi. Mtu wa bara asingefanya kosa lile, asingekuwa hata na pamba ya kulifanyia. Sisi wa pwani tulilifanya kwa raha zetu, na katika wote waliosifu, mimi peke yangu nilijua kuwa ni kosa, huku mkono wangu unapiga nyundo.

Basi Jumamosi ile nilikuwa chini ya ile landrova tena, nagonga mfupa wake kwa nyundo ndogo kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia, kibovu kinanung'unika. Mbele kililia. Katikati kililia. Nilipokaribia nyuma ya giaboksi, mkono wangu ukaruka shubiri mbili, ukaendelea kugonga mbele yake. Sikuupa amri. Au niliupa, sijui.

Mnunuzi alikuwa amechuchumaa kando na tochi. "Na hapa, mestre?"

Mwanga ulikuwa palepale, juu ya lami.

"Hapo nitarudi," nikasema.

Tochi ilikaa pale kwa muda, kisha ikahama.

Nilipotoka chini, mama alikuwa ameleta wali wa nazi na mchuzi wa kamba. Mnunuzi alikula sahani mbili, kanuni haimhusu. Mimi nikanawa tu mikono.

"Mama, nimefungwa mdomo mpaka kesho."

"Huo mdomo wa kunihesabia mabovu mbona haukufungwa?" Alisema kwa utani, lakini sahani aliiondoa kwa haraka, na niliona ameumia. Kisha akanitazama. "Mwanangu, paa linapatikana?"

Msema bei haulizwi swali hilo, na alijua. Nikapanda pikipiki yangu.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Mke wangu alikuwa anamenya mihogo. Nikamweleza yote, na habari ya pamba, ambayo miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia.

Aliweka kisu chini. "Kumbe nimeolewa na fundi wa pamba."

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Sasa unataka nini?"

"Haki."

"Ya nani?"

Hapo nikakwama. Akanisaidia kwa namna yake, yaani kwa kunikaba.

"Ukisema, bei inashuka?"

"Inashuka."

"Anayepungukiwa wewe?"

"Mama."

"Basi toba yako unailipia kwa mabati ya mjane. Na ukinyamaza?"

"Analipa yule mgeni. Ataifungua, ataona."

"Akiona?"

Akiona atakuwa kusini, mwendo wa siku kadhaa. Bei imeshatamkwa, haina neno la pili. Mama ameshapaua. Mimi nimeshaitwa mwadilifu. Shetani alikuwa amekaa hapo: hakuna mtu hata mmoja ambaye angerudi kunidai. Na ule mfupa je, akiamini lami, asiufungue, akauweka barabarani?

"Basi nunua wewe chuma kipya cha kuliziba hilo tundu," mke wangu akasema, "utoe mfukoni, mama apate bei yake kamili."

Nililifikiria hilo na bado nalifikiria. Lakini msema bei akitia fedha yake ndani ya bei, ameshakuwa mnunuzi wa pili, na neno lake limeshanunuliwa, hata kama aliyelinunua ni yeye mwenyewe. Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo nalijua kwa kazi yangu. Kwa mtu anayetaka kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, kiraka ni kiraka. Hata nikichomelea vizuri kama malaika, mfupa ule si mzima tena, na bei yake haiwezi kuwa ya mfupa mzima.

"Kaoge," akaniambia. "Unanuka hiyo landrova."

Jumapili asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka upande wa bahari, na nilipofika kizuizi cha askari cha mwisho matone machache yalinigonga usoni, yakaacha. Mama alikuwa amevaa kanga mpya. Mnunuzi alikuja na bahasha. Tulisoma fatiha mimi na mama. Yeye, ambaye ni Mkristo, alivua kofia akaishika mbele ya tumbo mpaka tukamaliza.

"Mnalikubali neno langu kabla hamjalisikia?" nikauliza, kama inavyoulizwa.

"Nimelikubali," akasema mama.

"Nakubali, mestre."

"Basi kabla sijatamka, njooni muone kitu."

Nilichukua bisibisi nikaingia chini ya gari. Mnunuzi akajilaza upande wa pili bila kujali shati. Mama aliinama, kanga ameikusanya magotini. Niliweka ncha juu ya lami, nyuma ya giaboksi, nikasukuma. Iliingia mpaka kwenye mpini. Nikazungusha, nikavuta, na ile pamba ikaanza kutoka: nyeusi, imelowa, ndefu kama utumbo wa mbuzi. Pamoja nayo vilidondoka vipande vya chuma kama makapi. Harufu ya sifa ikajaa pale chini kana kwamba ilitiwa jana.

"Nini hii?" Mnunuzi alikuwa ameikamata tochi kwa mikono miwili.

"Kalafati. Kazi yangu."

Nikawaeleza, yote, nikiwa bado nimelala chali kwa sababu niliona aibu kutoka. Nilipotoka, mama alikuwa ameishika ile pamba. Aliinusa. Nilidhani atalia, au atanitukana. Aliisokota kidogo kati ya vidole, kama mtu anayekagua uzi dukani.

"Hii nilisokota mimi," akasema. "Aliniambia niisokote nene." Akaninyooshea ncha yake. "Ndiyo iliyoharibu?"

"Ndiyo, mama."

"Yeye hakujua?"

"Hakujua."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua."

"Mbona hukumwambia? Ulimwogopa?"

Ningependa kusema nilimwogopa. "Alikuwa ananiita fundi mbele za watu," nikasema. "Nilipenda."

Mnunuzi alisimama, akaizunguka landrova mara moja nzima, mkono wake unapita juu ya bodi. Aliporudi mbele yangu sauti yake ilikuwa chini, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

"Mestre. Wewe ndio umeua. Sasa wewe ndio unasema bei ya maiti?"

"Una haki. Nivueni. Mtafuteni mwingine."

"Mwingine yuko wapi?" akasema mama, akatazama mawingu. "Lori lake kesho. Mvua yangu kesho. Mwingine yuko wapi?"

Mnazi mmoja uliangusha kuti kavu nyuma yetu na sote watatu tukashtuka.

"Nilishasema nimekubali," mama akasema. "Taja."

Mnunuzi aliichunguza bahasha yake kana kwamba maneno yameandikwa hapo. Angeweza kuondoka. Hakuwa ametoa hata senti moja, na neno la kukubali kabla ya kusikia ni desturi yetu sisi, si yake. Nilimwona anaitazama pua ya landrova.

"Taja," akasema.

Nilitamka yote kwa pumzi moja ili lisiwepo neno la pili: kwamba ingekuwa na mfupa mzima ningesema mia na ishirini na tano elfu, kwamba mfupa una kiraka, na kiraka kinaondoa kumi na tano, kwamba bei ni mia na kumi, na kwamba kile kipande nitakikata na kukichomelea mimi, leo hii, mbele ya macho yake, bila ujira.

Mama hakunitazama. Aliangalia kuta zake, kisha akageuza macho upande wa kulia, penye mawe matatu na turubai. Nilielewa. Kilichopungua kilikuwa jiko.

"Haya," akasema.

Mnunuzi alihesabu fedha zikaisha, akampa mama kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia. "Sasa fanya. Mimi nakaa hapa."

Mashine ya kuchomelea na jenereta nilivikodi Palma kwa simu, vikaja kwa gari la mizigo, na kilichofuata kingekuwa cha kuchekesha siku nyingine: jenereta likawaka, likakohoa, likazima. Likawaka, likazima. Mawingu yalikuwa juu yetu kabisa. Mnunuzi alinitazama mimi na kamba ya jenereta mkononi, akatikisa kichwa, akakunja mikono ya shati. Kazi yake hiyo. Alifungua, akapuliza, akafunga, na likawaka likatulia.

"Gari unaziba na pamba," akasema. "Hii unataka kuziba na nini, ugali?"

Mama alicheka. Mimi sikuweza, nikachukua msumeno.

Nilikata mpaka nikapata chuma kinacholia. Nilipima, nikapasua chuma kipya, nikachomelea nikiwa chali, cheche zinaniingia shingoni. Kila nilipomaliza mshono yeye alikuja na nyundo yangu mwenyewe akaugonga. Mara mbili alisema, "Tena," na mara mbili nikakata nikarudia. Mara ya kwanza alikuwa na haki. Ya pili nadhani alitaka kuona kama nitabisha. Sikubisha. Mshono wa mwisho ulipopoa aliugonga kwa muda mrefu, sikio limeegemea chuma, akanirudishia nyundo. Jua lilikuwa halijazama. Kile kipande kilichooza mama alisema tusikitupe, akaenda kukiweka kando ya mawe yake.

Jumatatu lori lilikuja. Tulipoivuta landrova kwa mbao mpaka lorini, yule bwana alipanda nyuma akakaa kando yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa hospitali. Alinipungia mkono. Sijui kama alinipungia mimi au mahali pale.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha wiki iliyofuata. Nyumba ilikuwa imepauliwa, mabati thelathini na manane. Nilikwenda Kionga siku ya pili yake. Mama alikuwa anapika chini ya turubai, na kona ya turubai inayopokea upepo ilikuwa imekandamizwa kwa kile kipande cha chasi, mabaki ya pamba bado yamo tumboni.

"Mdomo umefunguliwa sasa?" akaniuliza, akanipakulia kabla sijajibu.

Nikala. Maji yalikuwa yanadondoka karibu na moto, na yeye anasogeza kuni kwa mguu bila hata kutazama, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Nikamuuliza lile swali ambalo msema bei hapaswi kuuliza, kama bei ilikuwa ya haki.

"Bei ilikuwa ya haki," akasema. "Ungesema kweli siku ile ile, ya pamba, ningekuwa na jiko."

Nikamaliza sahani yangu.

Bei ikishatamkwa na kulipwa, msema bei anakuwa mtu kama watu. Na mimi ni bate-chapa. Nimeanza kuokota mapipa ya mafuta yaliyotoboka, napasua, nanyoosha kwa nyundo mpaka yanakuwa bapa, namletea mama moja moja nyuma ya pikipiki, yamefungwa kwa mpira. Yanahitajika kumi. Nimefikisha manne. Mke wangu anasema angalau safari hii nafanya kazi ninayoijua. Mimi wakati mwingine, nikiwa katikati ya kugonga, najiuliza kama ninajenga jiko au ninashindilia tena pamba mahali pengine.

Juzi nilimpelekea la nne. Aliliegemeza ukutani, akaligonga kwa kiungo cha kidole kutoka juu kwenda chini, polepole, sikio amelitega. Karibu na ukingo akasimama.

"Na hapa?"

"Hapo pana tundu la msumari, mama," nikasema. "Mashine nimeikodi tena, iko nje na jenereta lake. Nalichomelea sasa hivi."